Shamba la Naboti na Shimo la Dhahabu

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, katika sura ya 21, chatusimulia habari za mtu wa Yezreeli, jina lake Naboti, aliyekuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani shamba lile apate kulifanya bustani ya mboga. Twaomba mwangalie vema jinsi alivyoanza, maana wengi wetu tuliofundishwa habari hii utotoni twakumbuka mwisho wake tu. Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa bei. Alimwahidi Naboti shamba jingine lililo zuri zaidi, au, akipenda, thamani yake kwa fedha. Kwa hesabu ya sokoni lilikuwa jambo la haki kabisa. Naboti alikataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi kwake haukuwa bidhaa.

Yaliyofuata yajulikana. Mfalme alirudi nyumbani amenuna, akajilaza kitandani, akageuza uso wake, akakataa chakula. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wa mji gani? Wa mji wa Naboti mwenyewe. Hao ndio waliotangaza mfungo, wakawaketisha mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa Naboti nje ya mji wakampiga mawe hata akafa. Barua zilitoka katika jumba la mfalme, lakini mawe yalirushwa na majirani.

Tumeona vema kuanza na Naboti kwa kuwa leo twataka kusema juu ya ugomvi unaozuka penye migodi, na hali ya watu wanaokaa karibu nayo. Magazeti huandika habari za ugomvi huo siku risasi zinapopigwa, au siku sumu inapoingia mtoni. Mambo hayo ni makubwa, nasi tutayataja. Lakini yako madhara mengine, na kwa maoni yetu ndiyo mazito kuliko yote, yanayotokea kimya kimya ndani ya nyumba, na kati ya jirani na jirani, wala hayamo katika orodha ya fidia yoyote.

Kwanza ifahamike ugomvi watoka wapi. Katika nchi yetu ya Tanzania mwanakijiji ana haki ya kukaa juu ya ardhi yake, kulima, kufuga na kuzika wafu wake. Madini yaliyo chini ya ardhi hiyo si yake. Ni mali ya Jamhuri, na serikali humpa mtu au kampuni leseni ya kuyachimba. Basi watu wawili hukutana juu ya udongo mmoja, na mara nyingi mmoja ana karatasi mkononi, mwenzake ana makaburi ya babu zake tu. Sheria haikuwasahau wenyeji. Sheria ya Madini ya 2010 yadai idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba mahali palipo ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu, ingawa yaruhusu pia waziri kuipita idhini hiyo ikiwa imenyimwa pasipo sababu ya maana. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia iwe kamili, iwe ya haki, tena itolewe upesi. Hayo ni masharti matatu. La tatu ndilo linaloumiza watu pale linaposahauliwa.

Tuchukue mahali pamoja panapojulikana na wengi. Nyamongo iko katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, nchi ya Wakurya, ndani ya Jimbo Katoliki la Musoma. Zamani wachimbaji wadogo walitafuta dhahabu huko kwa nyundo na sururu, kandokando ya kulima na kufuga. Mwaka 2002 mgodi mkubwa uitwao North Mara ulianza kazi, na tangu hapo umepita mikononi mwa kampuni mbalimbali. Mashimo yake, Nyabirama, Nyabigena na Gokona, yalichimbwa karibu sana na makazi ya watu, hata mlipuko wa baruti husikika mtu akiwa jikoni kwake.

Mei 2009 maji machafu yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika mto Mara. Wenyeji walilalamika kwamba mifugo yao inakufa na ngozi za miili yao zinaharibika. Kampuni ilieleza kwamba plastiki iliyotandikwa ili kuzuia maji yasivuje ilikuwa imeibiwa na wavamizi. Hatutaki hapa kupima lawama ya kila upande, kwa maana mwenye kuhifadhi sumu ndiye mwenye wajibu wa kuilinda, hata dhidi ya wezi. Lakini tafakarini neno hilo. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi mkono ulioibeba plastiki ile, pengine kwenda kuezekea banda tu, huenda ulikuwa mkono wa mtu ambaye mama yake huteka maji katika mto ule ule.

Tarehe 16 Mei 2011 kundi kubwa la watu liliingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu, na polisi waliokuwa wakilinda mgodi wakafyatua risasi. Watu watano waliuawa. Kabla ya siku ile na baada yake wamekufa wengine. Mwaka 2013 baadhi ya wenyeji walipeleka mashtaka yao hata Mahakama Kuu ya London, na shauri likamalizwa kwa mapatano 2015. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi.

Hizo ndizo habari zilizoandikwa. Sasa tuingie nyumbani kwa mama wa kijana aliyekufa namna hiyo. Msiba wake si kama misiba mingine. Watu huja matangani, hukaa, hula na kuimba, lakini wengine wao wanasema moyoni kwamba marehemu alijitakia. Alikuwa mwizi, au alikuwa mtu aliyetafuta riziki juu ya ardhi ya babu yake? Jibu hutegemea ni nani anayejibu, na mara nyingi majibu yote mawili yapo chini ya paa moja. Kaka mmoja ameajiriwa kuwa mlinzi wa mgodi. Mdogo wake huenda usiku na gunia kuokota mawe. Kila mmoja wao humwona mwenzake msaliti, naye mama huwapakulia chakula wote wawili katika sinia moja. Faini iliyolipwa kwa serikali haiwezi kumfikia mama huyo, na hata fedha za mapatano ya mahakamani, kama zikimfika, huleta swali jipya: kwa nini yeye amepata na jirani yake hakupata?

Tena ugomvi usiomalizwa vizuri haufi. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, karibu na Kahama, ili kupisha mgodi mkubwa. Wako waliosema kwamba watu walifukiwa mashimoni wangali hai. Serikali ikakana, na mabishano hayo hayajakoma hata leo. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Nao wamelirithi shaka lile pamoja na jembe la baba.

Katika vijiji vya Nyamongo limezaliwa neno ambalo kamusi za zamani hazikulijua kwa maana hiyo: tegesha. Nyumba ya tegesha ni nyumba iliyosimamishwa haraka haraka, si kwa kukaliwa, bali kwa kungojea mthamini. Mtu akisikia kwamba mgodi utapanuka kuelekea upande fulani, husimamisha kuta nne na mabati machache, au hupanda miche iliyosongamana, ili siku ya kuhesabiwa ahesabiwe mengi. Wengine hutoka mjini na fedha zao, wakaingia ubia na mwenye shamba. Twaweza kuelewa kishawishi hicho. Mtu aliyeona mali ya jirani yake ikithaminiwa kwa bei ya chini aona kwamba anajilipa mwenyewe kile atakachodhulumiwa baadaye. Hata hivyo ni uongo, na matunda yake ni machungu. Mthamini aliyedanganywa mara mia hamwamini mtu wa mia na moja. Basi mjane ambaye kweli amekaa katika nyumba yake miaka 30 huwekwa katika fungu moja na mjanja wa jana, faili yake ikarudishwa kuchunguzwa upya, naye akangoja.

Hapa kwenye kungoja twataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa mbali hawaujui uzito wake.

Mthamini akiisha kupita na kuiandika nyumba, mwenye nyumba huambiwa asiongeze kitu tena, maana kitakachojengwa baada ya hapo hakitalipwa. Amri hiyo ina maana yake njema, ni ya kuzuia tegesha. Lakini angalieni inavyofanya kazi katika jamaa. Bati likivuja, baba hasemi tena, “Nitalibadilisha baada ya mavuno.” Asema, “Tunahama, ya nini kupoteza fedha?” Mgomba uliozeeka haupandwi mwingine. Choo kikititia hakichimbwi kipya. Kijana aliyetaka kuoa aambiwa angoje fidia, na mchumba wake aambiwa hivyo hivyo kwao. Mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya mbali hajui akirudi likizo atarudi wapi. Hupita mwaka mmoja, miwili, pengine zaidi. Mtu huyo hajafukuzwa, wala hajaachwa akae. Ukimwuliza daktari ni ugonjwa gani, hataona kitu katika damu yake. Usingizi umemwacha, hasira imemjaa, pombe imekuwa rafiki, naye mke wake ajua sababu. Ndiyo maana Sheria ya Uthamini ya 2016 ilitaka fidia ilipwe katika miezi 6, na ikicheleweshwa iongezewe riba. Watunga sheria walifahamu kwamba kungoja nako ni hasara.

Kisha fedha zinakuja. Wasomaji wengine watastaajabu tukisema kwamba siku hiyo ya furaha ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Shamba lililisha watu wengi: baba, mama, watoto, bibi, na ng'ombe wawili watatu. Fedha huingia kwa jina la mtu mmoja. Imetokea, wala si mahali pamoja tu, kwamba baba aliondoka asubuhi kwenda benki mjini akarudi baada ya wiki moja na pikipiki. Au hakurudi, akapanga chumba kwa mwanamke mwingine. Mama aliyelima shamba lile kwa mikono yake hakuwahi kuona hata karatasi ya hesabu. Ndugu za baba nao hudai fungu lao, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya ukoo, wala hawakosi haki kabisa. Jamaa iliyokaa pamoja miaka 40 bila kufikishana barazani hufikishana barazani katika mwezi mmoja. Ahabu alipotoa ahadi ya fedha, Naboti alijua kwamba shamba halipimwi kwa fedha peke yake, kwa maana shamba huwakusanya watu, na fedha huwatawanya wasipojilinda.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twachukia migodi. Dhahabu ndiyo inayoongoza katika madini tunayouza nchi za nje. Migodi imewapa maelfu ya vijana wetu kazi na ufundi, na karibu nayo zimejengwa shule, zahanati na visima. Wachimbaji wadogo nao tangu 2019 wanayo masoko ya madini yaliyofunguliwa mikoani, wapate kuuza kwa haki. Wala wachimbaji wadogo si malaika. Zebaki wanayoitumia kukamatisha dhahabu huchomwa wakati mwingine jikoni, juu ya jiko lile lile la ugali, na mvuke wake huwadhuru kwanza mama mwenye mimba na mtoto aliye mgongoni. Na mchimbaji anayefukuzwa huku na huku, asiye na mahali palipo halali pa kufanyia kazi, ndiye hasa anayeichoma kwa siri nyumbani. Na sisi tunaoandika mbali na vumbi la Nyamongo tukiri jambo moja: pete zinazobarikiwa altareni siku ya ndoa hazikuota juu ya mti.

Kanisa halikunyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha 1965 kwamba mali za dunia Mungu alizikusudia kwa ajili ya watu wote. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alitaja uchafuzi wa zebaki unaoletwa na machimbo ya dhahabu, akafundisha kwamba inapojadiliwa kazi itakayobadili mazingira, wenyeji wa mahali wana kiti cha pekee katika mashauriano. Hapa kwetu, 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa taarifa iliyoonyesha jinsi taifa lilivyokuwa likipata kidogo katika dhahabu yake. Tangu hapo sheria zimebadilishwa 2010 na tena 2017. Mrabaha wa dhahabu uliokuwa asilimia 3 ukawa 4, kisha 6, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Hayo ni mema, nasi twayashukuru. Lakini ni mapatano ya dola na kampuni. Naboti hakuwa dola, alikuwa mtu mwenye shamba.

Basi jamaa za Kikristo zifanye nini? Wanaokaa karibu na migodi wafahamu kwanza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Desturi ya kumwacha mama nje ya mazungumzo ya fidia haina nguvu katika sheria, wala katika sakramenti waliyoipokea pamoja. Wote wawili waende kwa mthamini, wote wawili watie sahihi, na akaunti ya benki iwe ya wote wawili. Kama kuna nafasi ya kupewa ardhi badala ya ardhi, waiombe hiyo kwanza, kwa maana shamba jipya litawashika pamoja pale ambapo noti zingewaachanisha. Wazee wa ukoo wakae mapema, kabla fedha hazijafika, waandike ni nani atapata nini, kwa kuwa watu hupatana kwa urahisi zaidi juu ya kitu ambacho bado hawajakishika.

Waende pia katika mkutano mkuu wa kijiji, nao wasiende kulalamika tu. Waulize. Sheria yautaka mgodi kila mwaka ufanye mpango wa kuisaidia jamii, ukikubaliana na halmashauri. Tena mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake. Mwanakijiji anayo haki ya kujua fedha hizo zilifanya nini, na zahanati iliyoahidiwa imefikia wapi. Wengi hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba fedha zipo.

Na wale walioketi katika kamati za uthamini, wenyeviti wa vitongoji, wazee, makarani: hao twawaambia neno moja juu ya wazee wa Yezreeli. Maandiko hayasemi kwamba walimchukia Naboti. Walipokea barua yenye muhuri, wakaona ni hatari kuikataa. Siku hizi barua haina haja ya muhuri wa mfalme, yatosha bahasha. Jina la mtu aliyekufa laweza kuingizwa katika orodha, na jina la mjane aliye hai likaondolewa, kwa kalamu moja tu. Katoliki ni mtoa bahasha, Katoliki ni mpokeaji, Katoliki ni mjane, na Jumapili wote watatu wako katika mstari mmoja wa Komunyo. Polisi aliye langoni na kijana mwenye gunia nao pengine ni wasimamizi wa ubatizo katika nyumba moja.

Jumuiya ndogo ndogo zina kazi hapa ambayo hakuna mwanasheria wa mjini awezaye kuifanya. Katika habari yote ya Naboti hatusomi neno lolote juu ya mke wake. Kitabu kinachofuata chataja damu ya wanawe, lakini mama hatajwi popote. Tujaribu kumtafuta katika vijiji vyetu. Yuko yule ambaye mume alikufa kabla ya kuthaminiwa, ambaye shemeji zake wameishika barua, ambaye hajui kusoma na aona haya kusema. Siku mthamini atakapopita, wawili katika jumuiya wanaojua kusoma waende wakaketi naye mapema asubuhi, wahesabu pamoja miti, vyumba na makaburi, kisha wamsomee fomu kwa sauti, neno kwa neno, kabla hajaweka dole gumba. Fomu yenyewe si ndefu. Kuisoma yote hakuchukui hata muda wa rozari mbili.